Sabato hupikwa Ijumaa: kuishika Sabato ya Kiyahudi, kuanzia maharage ya Alhamisi hadi karafuu za Jumamosi usiku

Karibu kila kinachoharibika Jumamosi kiliharibika Ijumaa. Sufuria iliyokauka saa tisa usiku, taa ya chumbani inayowamulika watoto hadi asubuhi, jokofu lisilofunguliwa kwa sababu balbu ya ndani itawaka: jua likishazama, hakuna hata kimoja cha kurekebisha. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho ya marabi, inasema aliyejitaabisha siku ya kuamkia Sabato ndiye atakayekula siku ya Sabato. Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini, na katika nyumba inayoshika Sabato methali hiyo hufuatwa kama ratiba.

Maelekezo haya yanakwenda kwa saa, na yameandikwa kwa nyumba ya Afrika Mashariki yenye umeme unaokatika, jiko la mkaa, mbu na masika. Yatamfaa anayeanza kuishika Sabato. Yatamfaa pia mwenye nyumba ya wageni anayempokea Myahudi mshika Sabato, na dada wa jikoni anayejiuliza kwa nini wenye nyumba hawagusi swichi. Waashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, na Wasefaradi, wenye asili ya Hispania na nchi za Bahari ya Kati, hutofautiana katika mambo kadhaa. Tofauti zenye uzito zimetajwa mahali pake. Penye shaka, fuata mila ya nyumba yako na muulize rabi wako.

Saa ya Mishna ni saa ya Kiswahili

Siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama. Mtu wa pwani haoni tabu kwa hilo, maana kwake usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Sabato basi huingia Ijumaa jioni na kutoka Jumamosi usiku nyota tatu zinapoonekana, jumla kama saa 25.

Liko jambo jingine linalotusaidia zaidi. Mishna, kitabu cha kale cha sheria za marabi kilichokusanywa na Rabi Yehuda ha-Nasi karibu na mwaka 200, huhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, saa 12 hadi linapozama, vilevile kama tunavyohesabu sisi. Inaposema Shema ya asubuhi, yaani ungamo la imani la "Sikia, Israeli", isomwe kabla saa ya tatu haijaisha, ni saa tatu asubuhi. Saa hizo za Mishna hurefuka na kufupika kwa majira, lakini karibu na ikweta hazibadiliki sana, ni dakika 60 kasoro au zaidi kidogo. Kwa Ijumaa kumbuka nne:

Saa tisa alasiri: tangu hapo usile mlo kamili, ili uingie Sabato na njaa.
Saa tisa na nusu: kazi za kutafuta riziki zisimame. Talmudi inasema anayezifanya baada ya hapo haoni baraka ndani yake.
Saa kumi na moja kasoro robo: mapema kuliko hapo huwezi kuwasha mishumaa ya Sabato.
Dakika 18 kabla ya machweo: mishumaa iwe inawaka. Jerusalem desturi ni dakika 40.

Nairobi jua huchomoza karibu saa 12 na nusu, kwa hiyo zile saa tatu za kwanza zisogeze mbele nusu saa hivi. Machweo ya Nairobi hucheza kati ya saa 12 na robo na saa moja kasoro robo mwaka mzima, hivyo mishumaa huwashwa kati ya saa 12 kamili na saa 12 na nusu. Hii ni neema ambayo aliye London hana: Desemba huwasha saa tisa na nusu hivi alasiri, akiwa bado kazini, na Juni jua halizami mpaka baada ya saa tatu usiku. Hata hivyo usikariri saa moja ya mwaka mzima. Ile nusu saa ya tofauti ndiyo inayowakamata watu wa ikweta, kwa kuwa wamezoea kudhani jua halibadiliki. Angalia jedwali la machweo la mji wako kila wiki.

Zamani Jerusalem mtu hakuhitaji jedwali. Kuhani alipanda pembe ya ukuta wa Hekalu na kupiga tarumbeta, wa shambani akaacha jembe, mwenye duka akafunga. Mwaka 1968, chini ya pembe ya kusini-magharibi ya Mlima wa Hekalu, wachimbuaji wakiongozwa na Benjamin Mazar walipata jiwe lililoanguka kutoka juu, limechongwa kwa Kiebrania: mahali pa kupigia tarumbeta.

Alhamisi usiku

Loweka maharage. Toa nyama kwenye friza. Chekecha unga kwa chekecheo lenye matundu madogo, kwa sababu mdudu ni haramu na unga wa nchi za joto hupata fukusi upesi, hasa uliokaa dukani. Kisha hakikisha divai ipo. Divai ya kosher, yaani iliyo halali kwa sheria ya Kiyahudi, haipatikani kila mji wa kwetu, na juisi ya zabibu yenye muhuri wa kosher nayo ni ya kuagiza. Ukikosa vyote, tengeneza divai ya zabibu kavu, ambayo sheria inaikubali na Wayahudi wa Bene Israel wa India waliitumia vizazi na vizazi. Katakata zabibu kavu ambazo bado zina unyevu ndani, zitie maji, ziache siku tatu, zikamue, chuja. Zabibu ziwe zaidi ya sehemu moja kwa sita ya maji. Zikipungua hapo, ulichopata ni maji yenye ladha. Kwa hiyo kazi hii huanza Jumanne. Ukikosa hata hiyo, kidushi ya Ijumaa usiku, yaani baraka ya kuitakasa Sabato, husomwa juu ya mkate.

Ijumaa asubuhi: hala

Meza ya Sabato huwekwa mikate miwili mizima, kukumbuka mana iliyoanguka maradufu siku ya sita jangwani (Kutoka 16). Mkate huo huitwa hala. Kwa mikate miwili mikubwa:

unga wa ngano kilo 1
hamira ya papo hapo kijiko 1 cha chakula, kama gramu 10
sukari gramu 100
chumvi kijiko 1 cha chakula, cha kusawazisha
mayai 2, na 1 la kupakia juu
mafuta ya kupikia mililita 120
maji ya uvuguvugu mililita 400, na kidogo ya akiba

Vunja yai moja moja ndani ya glasi kabla ya kulitia kwenye bakuli. Yai lenye doa la damu hutupwa, na ukilivunjia moja kwa moja juu ya unga utakuwa umepoteza kilo nzima. Maziwa na siagi visiingie kamwe. Hala italiwa pamoja na nyama, na nyama na maziwa havichanganywi.

Changanya vikavu, tia mayai na mafuta, kisha maji taratibu. Kanda dakika 10 mpaka donge liwe laini na liache kunata vidoleni. Likinata, paka mikono mafuta badala ya kuongeza unga, kwa sababu unga wa kuongeza ndio unaofanya hala iwe kavu na nzito Jumamosi mchana. Funika. Dar es Salaam itaumuka kwa saa moja na kidogo, Nairobi ya Julai yaweza kufika saa mbili. Usitazame saa, tazama donge: liwe mara mbili.

Hapo ndipo panapokuja amri yenyewe iliyoupa mkate jina, ya Hesabu 15, kutenga sehemu ya donge. Chini ya unga wa kilo 1.2 hivi hutengi kitu. Kuanzia hapo hadi kilo 1.67 unatenga bila kusoma baraka, na kutoka kilo 1.67 unatenga na kusoma baraka. Kipande ni cha ukubwa wa zeituni hivi. Kifunge ndani ya karatasi ya fedha, kichome kiungue kabisa, kisiliwe. Wengi huona afadhali kukanda kilo 1.7 na zaidi mara moja, kutenga kwa baraka, na kuweka mikate ya wiki ijayo kwenye friza.

Gawa donge mawili, kila moja toa misokoto mitatu minene katikati na myembamba ncha, usuke kama nywele za mkia mmoja. Usivute wakati wa kusuka, legeza, maana mkate uliosukwa kwa kukazwa hupasuka ubavuni ukiwa ndani ya oveni. Acha dakika 40, paka yai, oka kwa nyuzi 180 dakika 30 hadi 35. Ukigonga chini ukasikia mlio wa kitu kitupu, umeiva. Asiye na oveni aoke kwenye sufuria nzito kwa mkaa: makaa machache chini, mengi yapaliwe juu ya mfuniko. Anayekosea huweka mengi chini, ikatoka hala iliyoungua tumbo na mbichi mgongo. Kama mpishi wa nyumba si Myahudi, mwenye nyumba mwenyewe awashe moto huo. Kwa Wasefaradi, chakula cha kupikwa aweke pia sufuria motoni.

Sufuria ya usiku kucha

Torati inakataza kuwasha moto siku ya Sabato (Kutoka 35:3). Haikukataza moto uliowashwa kabla uendelee kuwaka, na marabi walisisitiza Sabato iliwe na chakula cha moto. Hapo ndipo kilipozaliwa kile kitoweo ambacho Waashkenazi hukiita cholenti na Wasefaradi hamini: sufuria moja inayoingia motoni Ijumaa na kufunuliwa Jumamosi mchana. Anayejua makande tayari ameuelewa moyo wake.

Kwa watu 8: maharage gramu 300, shayiri gramu 150, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 1, viazi 6 vizima vilivyomenywa, vitunguu 2, swaumu punje 4, bizari, pilipili manga, chumvi vijiko vidogo 2, na mayai 8 mabichi na maganda yake, yaliyooshwa. Wasefaradi huongeza maganda makavu ya vitunguu ili mayai yatoke ya kahawia hadi ndani. Ni mila ya watu kama Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, ambao baadhi yao walifika Katanga na kuijenga jamii ya Elisabethville, leo Lubumbashi.

Mwaga maji ya kulowekea maharage. Tia maji mapya na uyachemshe kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya jambo lolote lingine. Hatua hii usiiruke. Maharage mekundu yana sumu ambayo moto mdogo wa usiku kucha hauiondoi, na atakayekula atatapika. Kisha kaanga vitunguu, tia nyama, maharage, shayiri, viazi, viungo, mayai juu. Maji yafunike vyote kwa vidole viwili. Pika hadi nyama iive, kama saa mbili, ili kufikia saa tisa alasiri kiwe chakula cha kulika. Sheria inaridhika na kilichoiva theluthi, lakini kilichoiva kabisa kinakuepusha na maswali mengi, kwa kuwa kufunika sufuria ambayo haijaiva siku ya Sabato ni kupika.

Sasa uhamishie kwenye moto wa usiku. Wengi hutumia plata, yaani sahani bapa ya umeme isiyo na kidhibiti cha joto, au bati zito linalofunika moto wa gesi na vitufe vyake. Kabla hujaondoka jikoni, funua mara ya mwisho. Maji yakiwa chini ya kidole kimoja, ongeza yanayochemka sasa, maana usiku huwezi kuongeza wala kukoroga. Yakiwa mengi sana, toa, usitegemee yatakauka. Na sufuria hii usiitoe motoni mpaka Jumamosi mchana. Inawezekana kuitoa na kuirudisha, ila kwa masharti: chakula kiwe kimeiva, kiwe bado cha moto, moto uwe umefunikwa, uwe ulinuia kukirudisha, na mkono usiiachilie sufuria. Mtu mwenye usingizi hukosa mojawapo. Chakula cha Ijumaa usiku kiwe kwenye sufuria yake.

Asiye na umeme wa kutegemea ana Mishna upande wake. Mlango wa tatu wa Mishna Shabati, sehemu ya Mishna inayohusu Sabato, unazungumzia jiko la makaa hasa, na unaamuru makaa yatolewe au yafunikwe kwa majivu, ili mtu asishawishike kuyachochea. Fanya hivyo na jiko lako la udongo. Lakini jiko lenye makaa lisilale ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi yake haina harufu na huua waliolala, kwa hiyo liweke barazani palipo na paa. Mlango wa nne unahusu kuhifadhi joto kwa kufunika, na unalielezea kapu la joto tunalolijua: sufuria inayotolewa motoni ikichemka na kuzungushiwa nguo, mito au pumba za mbao kabla ya machweo. Kinachokatazwa ni kuzungushia kitu kinachoongeza joto, kama samadi au chokaa. Kapu linafaa kwa mlo wa Ijumaa usiku na chai ya alfajiri. Nyama usiiache humo hadi Jumamosi mchana, kwa sababu itakaa masaa mengi katika uvuguvugu ambao bakteria wanaupenda. Ukiwa hivyo, mlo wa Jumamosi uwe wa baridi, na hakuna aibu ndani yake.

Plata nayo isiachwe kwenye meza ya mbao wala karibu na pazia. Machi 2015, Brooklyn, New York, watoto saba wa familia moja walikufa katika moto ulioanzia kwenye plata ya Sabato iliyowekwa jikoni. Kigunduzi cha moshi kilikuwa kwenye chumba cha chini ya ardhi tu. Weka plata juu ya jiwe au vigae, waya wake usipite kwenye kirefushi chembamba, na king'ora cha moshi kiwe ukumbini karibu na vyumba vya kulala.

Saa tisa na nusu: zunguka nyumba

Anza jikoni. Legeza balbu ya jokofu, au bandika utepe kwenye kile kitufe cha mlangoni. Jaza birika kubwa la umeme, lichemke sasa. Pika chai nzito yenye tangawizi, ichuje kwenye chupa: kesho utamimina maji ya moto kwenye kikombe kikavu, kutoka hapo kwenye kikombe cha pili, ndipo uongeze chai nzito. Kumwagia majani ya chai maji ya moto ni kupika. Tia mifuniko ya sufuria mahali inapofikika, kata mboga za kachumbari, fungua mikebe na vizibo.

Chooni, chana karatasi au weka za kipande kipande. Chumbani, tundika chandarua sasa na ukitandaze, washa dawa ya mbu mahali salama. Kuua mbu siku ya Sabato hakuruhusiwi, na kutandaza chandarua kipya ni kama kupiga hema. Kengele ya simu izimwe, simu iingie kabatini. Taa za kubaki ziwake, za kuzima zizimwe, na ukiwa na swichi yenye saa, ipange sasa. Wanawake wasuke nywele kabla, maana kusuka nako hakufanywi. Oga kwa maji ya moto, kata kucha, vaa nguo nzuri, na pakua mifuko yote: funguo, sarafu, tiketi. Nje ya nyumba, mahali pasipo na eruvu, yaani uzio unaofanya mtaa uhesabiwe kama ua mmoja, hata leso haibebwi.

Hoteli inayopokea mgeni wa Sabato imsaidie kwa manne: ufunguo wa chuma badala ya kadi, chumba cha chini asihitaji lifti, korido isiyo na taa za kujiwasha mtu anapopita, na matunda mazima yasiyokatwa. Kifungua kinywa cha bafe, hata kizuri vipi, hatakigusa, kwa sababu sufuria zenyewe si za kosher.

Kosa kubwa katika nyumba zenye msaidizi ni kumwagiza awashe au azime. Myahudi haruhusiwi kumwagiza mwingine amfanyie kazi ya Sabato. Na Kumbukumbu la Torati 5:14 inataka mtumishi wako apumzike kama wewe. Mpe ratiba yake mapema na mpe mapumziko yake.

Giza likikaribia, Mishna inamtaka mtu aulize mambo matatu nyumbani kwake: mmetoa zaka? Mmeweka eruvu? Washeni taa. Talmudi inaongeza: ayaseme kwa upole, ili wamsikilize. Ijumaa jioni, kila mtu akiwa na haraka, nyongeza hiyo ina uzito wake.

Mishumaa

Isipungue miwili, mmoja kwa "ikumbuke" ya Kutoka 20, mmoja kwa "ishike" ya Kumbukumbu 5. Idumu hadi mwisho wa mlo, walau saa tatu au nne. Iweke kwenye sinia la chuma, mbali na feni na dirisha la upepo, mahali itakapokaa hadi kesho, maana sinia halitasogezwa.

Kwa desturi huwasha mama wa nyumba. Asipokuwepo, yeyote mtu mzima. Washa yote. Usipulize kiberiti, kiweke juu ya sinia kijizimie chenyewe. Zungusha mikono mara tatu kuelekea kwako, funika uso, sema:

Barukh ata Adonai, Eloheinu melekh ha-olam, asher kideshanu be-mitsvotav ve-tsivanu lehadlik ner shel Shabat.

Yaani: Umehimidiwa wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako ukatuamuru kuwasha taa ya Sabato. Kh ni ile ya "kheri" inavyotamkwa pwani. Uso unafunikwa kwa sababu baraka hutangulia tendo, lakini ukiisha kuisoma Sabato imekuingia na huwezi kuwasha tena. Kwa hiyo unawasha, unafumba, unabariki, kisha unafumbua kama ndiyo kwanza unauona mwanga. Wasefaradi wengi hubariki kwanza, ndipo huwasha. Umechelewa, jua limezama? Usiwashe. Sabato isiyo na mishumaa ni huzuni, ila kuiwasha ndani ya Sabato ni kuivunja.

Mezani

Kikombe cha kidushi kijazwe, kisipungue mililita 86 (wanaojizidishia hutumia 150). Hala zifunikwe kitambaa wakati huo. Anayesoma anywe zaidi ya nusu ya kikombe.

Kisha kunawa: vua pete, mimina kwa kata mara mbili mkono wa kulia, mara mbili wa kushoto, hadi kifundo, wengine mara tatu. Soma baraka, futa, na usiseme neno mpaka umeonja mkate. Mgeni asiyejua hudhani amenuniwa, basi mweleze mapema. Mwenye nyumba huinua hala zote mbili, hubariki, hukata, huchovya kwenye chumvi na kugawa. Samaki awe wa minofu. Kuchambua miba mezani kunagusa kazi iliyokatazwa, kama utakavyoona sasa hivi.

Jumamosi: kazi 39

Mishna Shabati 7:2 inaorodhesha kazi "arobaini kasoro moja". Msemaji wa Kiswahili aliyekulia kijijini anazijua bila kufundishwa: kulima, kupanda, kuvuna, kufunga miganda, kupura, kupepeta, kuchambua, kusaga, kuchekecha, kukanda, kuoka. Hizo 11 ni njia ya mkate. Zinafuata 13 za nguo, 9 za ngozi na maandishi, kujenga na kubomoa, kuzima na kuwasha, kumalizia kazi, na kubeba nje.

Inayokosewa zaidi mezani ni kuchambua. Kutoa mawe kwenye mchele ndiyo sura yake halisi. Kanuni: chukua unachotaka kutoka kwenye usichotaka, kwa mkono, cha kula papo hapo. Chagua karanga nzuri ule, usitoe mbovu. Chungwa limenywe unapolila. Vyombo vichafu vya usiku vioshwe kwa maji baridi ikiwa tu utavitumia tena leo.

Masika yana mtego wake. Mwamvuli haufunguliwi, hata uani, kwa kuwa ni hema dogo. Vaa koti la mvua. Nguo zikilowa usizikamue wala usizianike, vua na uziache zilivyo.

Sinagogi ni kwa miguu, na nje ya mji usipite dhiraa 2,000, karibu kilomita moja. Anayekwenda Nairobi, ambako jamii ya Kiyahudi ilianzishwa 1904, afikie karibu na katikati ya mji. Anayekwenda Nabugoye karibu na Mbale, kwa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, waliomfuata Semei Kakungulu mwaka 1919 na kuishika Sabato kwa siri chini ya Idi Amin, alale mlimani kwao.

Mlo wa mchana ni hala mbili tena na ile sufuria. Mlo wa tatu, mdogo, uanze kabla ya machweo.

Uhai hutangulia

Katika vita vya Wamakabayo, Wayahudi walioasi utawala wa Kigiriki, mwaka 167 kabla ya Kristo, Wayahudi waliojificha mapangoni waliuawa bila kujitetea kwa sababu ilikuwa Sabato. Matathia, kiongozi wa uasi huo, na wenzake wakaamua kwamba tangu hapo watapigana wakivamiwa. Talmudi ikaja kuweka sababu: mvunjie aliye hatarini Sabato moja ili azishike Sabato nyingi. Hivyo homa kali ya mtoto, uchungu wa uzazi, kuumwa na nyoka, moto ndani ya nyumba: piga simu, endesha gari, washa taa, bila kuuliza na bila kungoja. Anayesita kwa kutaka kuuliza rabi anakosea. Weka namba za dharura na nauli mahali panapojulikana tangu Ijumaa.

Karafuu na mshumaa wa kusuka

Nyota tatu huonekana Nairobi kama dakika 35 baada ya machweo. Wengine hungoja dakika 72. Kabla ya kuwasha chochote sema: Barukh ha-mavdil ben kodesh le-khol, amehimidiwa atengaye kitakatifu na cha kawaida. Kisha havdala, baraka za kuiaga Sabato: kikombe kijazwe mpaka kimwagikie kisahani, manukato, na mshumaa wenye tambi mbili au zaidi. Ukikosa wa kusukwa, shika miwili ya kawaida ndimi zake ziungane.

Mpangilio ni divai, manukato, moto, utengano. Kwa manukato, karafuu nzima ndizo zinazotumika zaidi duniani, na za Unguja na Pemba ziko sokoni kwetu kwa bei ndogo. Ziweke kwenye kichupa chenye kifuniko, ziponde kidogo kila mwezi, zibadilishe harufu ikififia, kwani baraka juu ya kisichonukia ni bure. Kwa moto, kunja vidole karibu na mwali utazame mwanga juu ya kucha na kivuli kiganjani. Baada ya baraka ya mwisho kunywa kikombe, kisha chovya mshumaa kwenye divai iliyomwagika kisahanini uzimike.

Aliyesahau havdala Jumamosi usiku anaweza kuifanya hadi Jumanne jua linapozama, akiacha manukato na mshumaa.